Orlena Begley na Uwanja wa Mbigili

"Usiniambie habari za Lonzo," marehemu Orlena alimwambia mumewe Burl siku ile, amesimama katikati ya uwanja wa chini na fimbo yake, miguu imevimba, amevaa viatu vya kitambaa alivyopewa hospitali. "Lonzo hana shoto."

Burl akasema huenda Lonzo alimtuma mtu. Orlena akamuuliza ni nani huyo katika bonde zima la Laurel Lick mwenye shoto, ukimwondoa yeye Burl. Burl akasema basi labda ni mvua ya mawe. Orlena akaokota shina la mbigili, akamwonyesha lilivyokatwa kwa pigo moja la mshazari, akasema mvua ya mawe inayonyoa hivi ingefungua duka la kinyozi. Kisha akamwambia atazame majani yalivyolala. Mtu wa mkono wa kulia akishika mundu mrefu wa mikono miwili, anachokata hulala kushoto kwake. Nyayo za mkataji zilikuwa zimeshuka kutoka ukingo wa juu hadi kijitoni, na mbigili zote, mstari baada ya mstari, zilikuwa zimelala kulia. Mundu wa shoto katika bonde hili ni mmoja. Mhunzi aliufua mwaka 1931 kwa ajili ya Burl Begley, na watu wanasema alicheka siku nzima akiufua.

Huo ulikuwa ugomvi wa Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1978. Marehemu aliagiza wasifu wake uanzie hapo, kwa sababu alisema watu wakianza kusomewa tarehe ya kuzaliwa husinzia. Agizo lake limetimizwa. Sasa turudi nyuma.

Orlena alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Februari 1907, katika nyumba ya magogo huku juu Laurel Lick, Kentucky, mtoto wa kwanza wa Elihu na Talitha Sizemore. Theluji ilikuwa imefunika mlango na madirisha, hata baba akatokea kwenye bomba la moshi kwenda kumwita mkunga, na mkunga naye akaingia kwa njia hiyohiyo. Alipomwinua mtoto, mkunga alikuwa mweusi kwa masizi kuanzia utosi hadi kisigino, na Orlena, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumlinganisha naye, alilia siku tatu mfululizo. Shahidi wa jambo hili ni mdogo wake Delphia, ambaye wakati huo alikuwa bado hajazaliwa, na ambaye hajawahi kusema uongo ila akiwa macho.

Siku ya tatu kundi la chiriku lilitua kwenye magugu makavu yaliyochungulia juu ya theluji, na mtoto akanyamaza. Walikuwa chiriku wa baridi, rangi ya udongo, wadogo kuliko kidole gumba cha mchimba makaa, ndege ambao hakuna anayewageukia mara mbili. Talitha akasema mtoto huyu atakuja kupenda vitu visivyovutia macho. Miaka ishirini na moja baadaye Burl alipokuja kuposa, watu walikumbuka.

Utotoni Orlena aliamini kwamba wale wa udongo wa majira ya baridi na wale wa manjano wa kiangazi, ambao huku kwetu huitwa kanari wa mwituni, ni koo mbili zisizosalimiana. Alipokuwa na miaka minane, mwezi Aprili, alimwona mmoja mgongo wa udongo na kifua cha manjano, kama mtu aliyeitwa mezani kabla hajamaliza kuvaa. Akagundua mwenyewe, bila kufundishwa, kwamba dume huvua manyoya yake na kuvaa mengine mara mbili kwa mwaka. Alikimbia hadi nyumbani akipiga kelele kwamba ni walewale, ni walewale. Maneno hayo aliyarudia tena akiwa na miaka sabini na moja, kwa habari ya mtu mwingine, na safari hiyo hakukimbia.

Alisoma majira matatu ya baridi katika shule ya chumba kimoja ya Laurel Lick. Mwalimu alifundisha kwamba ndege hujenga viota majira ya kuchipua. Orlena akasimama, akasema chiriku hajengi mpaka Julai. Akapelekwa kusimama pembeni. Ilipofika Julai alimfuata mwalimu nyumbani kwake, akamshika mkono wa shati, akamburuta hadi kwenye kichaka na kumwonyesha jike likifunga uzi wa buibui kwenye panda ya matawi matatu. Chiriku husubiri mbigili. Sufi ya mbigili ndiyo godoro la watoto wake, na mbegu za mbigili ndizo uji wao. Ndege wenzake wanapokuwa wameshalea na kusahau watoto wao wanafananaje, yeye ndiyo kwanza anatafuta kiwanja. Mwalimu alikuwa mtu muungwana, akakubali. Lakini mwaka huohuo, 1916, mama Talitha alifariki kwa homa, akamwacha Delphia wa miaka miwili, na Orlena hakurudi tena darasani. Alimlea Delphia kwa mkate wa mahindi, maharage na vitisho.

Kuanzia mwaka 1922 alipika katika bweni la wachimba makaa la huko chini bondeni, wanaume arobaini na tatu kila alfajiri, kila mmoja na ndoo yake ya chakula. Msimamizi mmoja alichoka kungoja kanari wa kuteremka nao mgodini kupima hewa mbaya, akatuma watu wamkamatie chiriku sita, akamwachia Orlena tundu alitunze jikoni. Orlena aliwafungulia dirisha usiku uleule. Asubuhi msimamizi alikuta tunduni viazi sita vidogo vya kuchemsha, vimechomekwa manyoya ya kuku yaliyopakwa kiini cha yai. Aliteremka navyo siku nne, na aliwasifu sana kwa upole. Siku ya tano aliarifiwa. Orlena alikatwa mshahara wa wiki, na wanaume arobaini na tatu wakamchangia hata akapata zaidi ya mshahara.

Mmoja wa hao arobaini na tatu alikuwa Burl Begley, kijana mrefu asiye na maneno mengi, aliyekula kwa mkono wa kushoto. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Mei 1928, barazani kwa mzee Elihu. Kabla ya kukubali, Orlena aliweka sharti moja. Hakutaka pete wala jiko la chuma. Alitaka ule uwanja wa chini wa shamba la Begley, wenye mawe na mbigili, usiofaa hata kwa mbuzi, na alitaka usiguswe na makali yoyote mpaka Siku ya Wafanyakazi ipite, mwanzo wa Septemba, kila mwaka, maisha yake yote. Burl alikubali, akampa mkono. Alimpa wa kushoto, kwa mazoea. Orlena alicheka siku ile. Baadaye alisema angedai wa kulia.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Ottis, Wilma na Corbett, na wote walilelewa katika uwanja ule kama ilivyokuwa kwa chiriku. Wanajua kwamba jike ndilo hujenga peke yake na kuatamia peke yake siku kumi na mbili, na dume humletea chakula. Wanajua kwamba kiota cha chiriku husukwa kwa kubana hata kikashika maji, na mvua ikinyesha mama asipofunika, watoto wanaweza kuzama kitandani mwao. Orlena alikuwa na kiota kikuukuu alichokitumia jikoni kama kikombe. Alinywea mtindi humo miaka saba hakikuvuja tone, na mchungaji alipotembelea alimpa kahawa ndani yake, akaomba aongezewe. Kuna pia yule ndege mweusi anayefuata ng'ombe, asiyejua kujenga, ambaye hutaga yai lake katika viota vya watu. Kwa chiriku kifaranga wake hamalizi siku tatu, kwa maana chiriku hawawalishi watoto wao wadudu, ni mbegu tupu asubuhi na jioni. Orlena aliwaambia wakwe waliolalamikia maharage yake kwamba hata kwa chiriku mgeni hula kinacholiwa.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote aliitoa mezani kila kiangazi. Alisema jike mzoefu, watoto wake wa kwanza wakishatoka kiotani na kuanza kuwasumbua watu kwa kelele, huwaachia baba yao awamalizie kuwalisha, naye huvuka upande wa pili, hupata dume lingine na kujenga upya. Na si kwa ugomvi. Huondoka tu. Akishamaliza kusema alimtazama Burl juu ya bakuli. Burl alikuwa akijibu kila mwaka maneno yaleyale, kwamba basi amwachie na mkate wa mahindi. Meza nzima ilicheka. Walicheka hivyo miaka hamsini.

Jirani wa chini alikuwa Lonzo Pruitt, mwenye shamba la nyasi za ng'ombe linalopakana na uwanja. Ndugu Lonzo ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo kanisani tangu mwaka 1947. Yeye hutoa mstari peke yake, na sisi tunaufuata, kwa kuwa hatuna vitabu na wengine tungekuwa navyo visingetusaidia. Mwaka 1966 Lonzo alileta shauri mbele ya kanisa, kwamba sufi ya mbigili za Dada Orlena inapeperuka na kuota katika nyasi zake, na ng'ombe wake wanatobolewa ndimi. Waliongea mchana kutwa. Mwisho Orlena aliahidi kwamba kila Aprili ataingia shambani kwa Lonzo na jembe lake na kung'oa kila mbigili iliyoota huko, na Lonzo aliahidi kwamba hatagusa hata moja upande wa Orlena. Wakapeana mkono wa kulia mbele ya wote. Kwetu mtu akivunja mkono aliotoa kanisani hawezi tena kusimama mbele. Kwa Aprili kumi na mbili Orlena alikuwa shambani kwa Lonzo kabla Lonzo hajaamka, na Lonzo alikuwa akimletea kahawa ukingoni na kumwambia ameacha moja pale, Dada, mbona unaipendelea.

Mwanzoni mwa Julai 1978 moyo wa Orlena ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na Jumatano tarehe 12 alipelekwa hospitali ya mjini, akalala siku kumi na tisa. Madaktari walimwambia Burl ajiandae. Orlena alikuwa akimuuliza kila alipokuja kama wameshaanza kujenga, na Burl alikuwa akisema wameanza, wapo wengi, lala. Jumatatu tarehe 24 Burl hakuja hospitali. Alisema gari halikuwaka.

Orlena alirudi nyumbani tarehe 31 Julai. Barazani aliuona uwanja umelala chini wote. Miguu haikumruhusu kushuka. Akauliza ni nani. Burl alimwekea mto mgongoni, akamfunika magoti kwa blanketi la viraka, akasema ni Lonzo.

Jumapili ya tarehe 6 Agosti Orlena alibebwa kwa kiti hadi kanisani. Lonzo aliposimama kuanzisha wimbo, Orlena naye akasimama. Hakupaza sauti, pumzi haikumtosha. Alisema mtu huyu alinipa mkono wake hapa, na nilipokuwa kitandani nikisubiri kufa alikata mbigili watoto wa chiriku wakiwa bado kwenye mayai. Lonzo alisema hapana. Orlena alimwambia akae. Burl alikuwa benchi la nyuma akitazama kofia yake. Lonzo akakaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna aliyemwambia asimame, na nyimbo zikawa zikianzishwa na mtu mwingine asiyejua kupandisha. Mwaka mzima mliimba, nyie wenyewe mlisikia.

Majuma mawili baadaye, miguu ilipopungua kidogo, Orlena alishuka uwanjani kwa fimbo. Alitaka kuona kama kuna kiota hata kimoja kilichosalia kwenye vile vichaka vilivyosimama kati ya mbigili. Hakukuta kichaka. Ndipo alipoyaona majani yalivyolala kulia, na ndipo ugomvi ule ulipoanza, tulioukatiza mwanzoni.

Burl alipokwisha kumtaja Lonzo, na mtu wa Lonzo, na mvua ya mawe, alivua kofia. Kisha akasema, "Nilidhani hurudi."

Alisema aliwaona wale ndege wakija na kwenda uwanjani kama kawaida yao, wamevaa manjano yao, na Orlena yuko kule na bomba puani, na hakuweza kuwatazama. Alichukua mundu. Alipomaliza ndipo alipokumbuka kwamba huenda Orlena akarudi.

Orlena alikaa juu ya jiwe. Inasemekana alikaa hata kivuli chake kikamchoka kikatangulia nyumbani. Alipoongea hakuongelea mbigili. "Ulinizika nikiwa hai, Burl, na hilo ningelisamehe, watu hubabaika. Lakini ulinitia jina la Lonzo mdomoni ukaniacha niende nalo kanisani. Ulikuwa umekaa nyuma yangu. Ulinisikia. Aliyenifunika magoti na aliyenidanganya ni walewale."

Burl akaomba jambo liishe hapo hapo uwanjani. Orlena alisema litaishia pale lilipoanzia, yaani mbele ya Lonzo, kwa mdomo wa Burl. Burl akasema atafanya hivyo Jumapili. Jumapili ile alisema atafanya Jumapili ijayo. Lakini Orlena hakuingoja hiyo ijayo. Jumatatu, tarehe 21 Agosti, alifunga magauni mawili, blanketi la viraka na kile kiota chake cha mtindi, akavuka daraja la mbao la kijitoni, akaenda kwa mdogo wake Delphia upande wa pili. Alikuwa na miaka sabini na moja, na ndoa ya miaka hamsini na miezi mitatu. Kwenye meza alimwachia Burl mkate wa mahindi mzima, wa moto, umefunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyecheka.

Delphia alimuuliza kama amekuja kutafuta dume lingine. Orlena alisema hapana, kwa umri huu angependa tu kulala mahali ambapo akiuliza swali anajibiwa.

Mtoto wake Ottis alikuja kutoka Ohio kumsihi arudi, akasema watu wanaongea. Orlena alimuuliza watu wanaongea nini. Ottis akasema wanasema mama amechanganyikiwa kwa ajili ya magugu. Orlena alisema waache waongee hivyo, hayo ni maongezi mazuri, hayamdhuru mtu. Hakumwambia mtoto wake ukweli. Hakumwambia mtu yeyote ila Delphia, na Delphia aliahidi kunyamaza, na safari hii peke yake alinyamaza kweli, jambo lililomletea kidonda cha tumbo na kumwotesha jino jipya.

Kwa Lonzo alikwenda mwenyewe, mwezi Oktoba, akisimama kila hatua kumi. Alimkuta akirekebisha uzio. Alisema, "Ndugu Lonzo, si wewe. Nilikosa. Nisamehe."

Lonzo alishusha nyundo. Akasema amemsamehe tangu siku ile, kwa kuwa alijua amedanganywa. Kisha akauliza, "Kama si mimi, ni nani?"

"Si wewe. Haitoshi?"

"Hainitoshi, Dada. Ukisema si mimi, watu watasema Dada Orlena ni mpole, amemfunika. Nahitaji jina."

Orlena alimwambia jina hawezi kulitaja. Alishataja jina moja mbele za watu na halikuwa lenyewe, na hili la pili atalitaja mwenye nalo. Lonzo akainua nyundo yake. Aprili iliyofuata Orlena hakuwa na nguvu za jembe, akamtuma Delphia shambani kwa Lonzo badala yake, kwa maana mkono alioutoa bado ulikuwa mkono. Kahawa haikuletwa ukingoni.

Majira ya baridi yalipita. Mbigili ni mmea wa miaka miwili, na hilo Burl hakulifikiria. Mwaka wa kwanza hukaa chini, imejitandaza juu ya udongo kama sahani, na mundu hupita juu yake bila kuijua. Mwaka wa pili husimama. Juni hii uwanja wote ulisimama, mbigili zile zilizokuwa ndogo siku ya mundu, zikafika kifua cha mtu na kutoa maua ya zambarau. Orlena alizitazama kutoka dirisha la Delphia, ng'ambo ya kijito. Julai chiriku wakaja, wakipanda na kushuka hewani kama wanaoruka madimbwi, na kila wakipanda wanasema neno lao. Alihesabu viota tisa kwa macho ya kawaida. Delphia anasema aliona hadi rangi ya mayai, samawati iliyofifia kama maji ya kufulia, na kwamba mayai matatu yalimpungia.

Burl hakugusa uwanja. Kila jioni alishuka hadi darajani, akasimama upande wake, akavua kofia, akaivaa, akarudi. Delphia alisema mwonee huruma, anatafuta maneno. Orlena alisema, "Anasubiri nife kwanza. Ana mazoea."

Mwezi huu wa Agosti pumzi ilimwishia karibu yote. Alimwita mjukuu wake Lorene aje na karatasi, akamwandikisha wasifu huu, yeye akisema na Delphia akipamba. Walipofika mahali pa kutaja walioachwa, Lorene aliandika jina la babu yake kwanza, kama ilivyo desturi. Orlena alimwambia alifute. Lorene alilia. Orlena alimshika kidevu, akasema si kwa chuki, mama, ila orodha hii itasomwa mbele ya Lonzo, na jina likisomwa humo ni sawa na kusema mtu huyu yuko sawa na sisi sote. Bado hayuko sawa. Akisema mwenyewe, ataandikwa. Asiposema, mwacheni nje, na msiweke maelezo.

Marehemu Orlena Begley alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 26 Agosti 1979, nyumbani kwa mdogo wake, akiwa na miaka sabini na miwili, miezi sita na siku ishirini na tatu. Ameacha mdogo wake Delphia Sizemore, watoto watatu, Ottis wa Ohio, Wilma na Corbett wa hapa Laurel Lick, wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wanne. Ameacha pia uwanja wa mbigili, ambao hautaguswa mpaka Siku ya Wafanyakazi ipite. Ameacha mume, Burl Begley, aliyeandikwa wa mwisho kwa agizo la marehemu, baada ya kusema mwenyewe. Wimbo kaburini utaanzishwa na Ndugu Lonzo Pruitt. Mola ampokee na kumlaza mahali pasipo na makali.

Imebaki siku moja ya kuisimulia, Jumamosi ya tarehe 25, saa tisa mchana, nayo marehemu hakuwahi kuiandikisha.

Orlena alikuwa kitandani dirishani, mito mitatu mgongoni. Alikuwa amemtuma Delphia kwa Lonzo, na Lonzo alikuja, akakaa kwenye kiti cha kubembea bila kukibembeza. Waliongea habari za ng'ombe. Waliongea habari za mvua. Kisha Orlena akamwomba amwanzishie wimbo, mmoja tu, wa chini chini.

Lonzo akasema, "Dada Orlena, mwaka mzima sijafungua mdomo. Nikiufungua leo chumbani hapa, kesho kanisani nitaufunga tena. Usiniombe wimbo. Niombe kitu kingine."

Orlena akasema hana kingine.

"Basi nitajie jina. Nitakwenda nalo kimya. Nijue tu mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nani."

Delphia alikuwa mlangoni mwa jikoni na sufuria. Alimwona dada yake akigeuza uso dirishani, ng'ambo, kwenye zile mbigili, sufi ikiwa imeanza kutoka vichwani. Alimwona akirudisha uso. Midomo ikafunguka. Miaka sitini na mitano Delphia alimjua dada yake, na alijua kwamba safari hii atalisema, kwa sababu hakuwa na muda tena wa kungoja.

"Ndugu Lonzo," Orlena alisema, "jina la mtu huyo—"

Mbao za baraza zikalia. Mlango ukafunguka bila kubishwa, na Burl akaingia, kichwa wazi, kofia ameishika kama bakuli kwa mikono miwili. Alipita mbele ya Delphia. Alipita mbele ya kitanda. Alisimama mbele ya Lonzo na kuinamisha kofia ili Lonzo aone ndani.

Ndani kulikuwa na panda ya matawi matatu iliyokatwa kwa pigo moja la mshazari, na juu yake kiota, bado kimebana, na mayai manne makavu aliyoyaficha bandani kwake miezi kumi na mitatu. Orlena alifunga mdomo. Lonzo alitazama kiota, akatazama mkato, kisha akainua macho polepole hadi kwenye mkono wa kushoto wa Burl.

Burl akavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuanza.